Mtoto wa Miezi Minane

Watu wa mtaa walimwita Soli, na yeye mwenyewe alishalizoea jina hilo hadi akawa analigeukia haraka kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa fundi viatu mwenye miaka arobaini na minne. Chumba chake cha kazi kilibanwa katikati ya duka la dawa na duka la fotokopi, chembamba kiasi kwamba mteja mnene ilibidi aingie kwa ubavu. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na kalibu za mbao za kuundia viatu, nyundo mbili na tabia ya kuongea huku misumari imejaa mdomoni. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi na mama yake Soli, mzee wa miaka sabini na saba, na mzee huyo alikuwa anasahau.

Ilianza kwa mambo madogo. Chumvi mara mbili kwenye mboga, kisha jina la mkwewe, kisha njia ya kwenda chooni. Hata hivyo ucheshi haukumtoka. Siku jirani alipomkuta barabara kuu na kumrudisha kwa mkono, alisema, "Mimi sikupotea, mwanangu. Nyumba ndiyo iliyohama."

Wakacheka wote. Mke wa Soli alicheka, halafu akaingia chumbani akalia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimvika na kumfuata kila anakokwenda.

Jumapili moja Soli akamwalika shangazi yake, dada wa marehemu baba, ili amwombe msaada.

"Mwezi mmoja tu, shangazi. Mwenzangu amechoka. Akitoka kufundisha watoto sitini anakuja kumkimbiza mama mitaani. Mchukue mwezi mmoja tupumue."

"Mimi?" Shangazi aliweka kikombe chini. "Nimlee yule mwanamke mimi? Aliyemharibu kaka yangu? Aliyemfanya ahame mji kama mwizi kwa ajili ya mtoto wa watu?"

Mke wa Soli, aliyekuwa akikata mkate, alisimamisha kisu.

"Mtoto wa watu yupi?" Soli akauliza.

Shangazi alikichukua tena kikombe, kikiwa hakina chai, akakinywa hivyo hivyo. Kisha akainuka akidai ana safari. Soli akaenda kusimama mlangoni.

"Shangazi, hapa hupiti. Mtoto yupi?"

"Nipishe."

"Mtoto yupi!"

Shangazi alisema yote kwa robo saa, akiwa amekaa pembeni ya kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Zamani, kaka yake na mkewe walipanga katika mji mwingine, kwenye nyumba ya vyumba sita inayozunguka ua mmoja. Chumba cha pili alikaa binti wa miaka ishirini na kitoto chake cha kiume. Baba wa mtoto alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe mbali huko, akakata mawasiliano. Binti akaamua kumfuata. Akamwacha mtoto kwa jirani yake, yaani mke wa kaka, kwa siku nne. Mtoto alikuwa na miezi minane.

Jirani huyo alikuwa amezika watoto watatu, wote wachanga.

"Siku nne zikapita," shangazi alisema. "Ikapita wiki, zikapita tatu. Kaka yangu akasema tusubiri. Mkewe akasema huyu ametupwa. Wiki ya sita nikawaona wameshuka hapa na gunia la kalibu, na mtoto. Kaka akaniambia, dada, ukiulizwa, huyu ni wetu. Nikasema sawa. Nimesema sawa miaka arobaini na mitatu, na leo ulimi umeteleza. Haya, nipishe."

"Alirudi? Yule binti alirudi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Jina lake nani?"

"Sikuwahi kumwona, Soli. Jina lake analijua mama yako."

Soli akageuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mama yake uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunja kitambaa kimoja, anakikunjua, anakikunja tena.

Kuanzia siku hiyo Soli hakuwa na raha. Alijitazama kwenye kioo akinyoa, akajikuta hajui uso anaounyoa ni wa nani. Masikio yale makubwa ambayo maisha yake yote aliambiwa ni ya babu, yalikuwa ya nani? Kilichomuumiza zaidi si kwamba alilelewa na watu wengine. Walimlea vizuri, hakuwahi kulala na njaa. Kilichomuumiza ni lile swali ambalo shangazi hakulijibu. Kama binti yule hakurudi, basi alimtupa. Kama alirudi, alikuta nini?

Na mtu pekee aliyejua alikuwa anafutika kila siku, mbele ya macho yake.

Aligundua kwamba mama alikuwa na nafuu kidogo asubuhi, baada ya chai ya kwanza. Basi kila asubuhi akawa anavuta kigoda, anakaa mbele yake.

"Mama, unakumbuka tulipokaa zamani? Vyumba sita. Yule dada wa chumba cha pili aliitwa nani?"

"Chumba cha pili kina mbu."

"Dada aliyekuwa na mtoto, mama."

"Watoto wamekula?"

Asubuhi moja alikaribia kupata. Mama alitulia, akatazama ukutani, akasema, "Alikuwa na nywele nyingi. Nilikuwa namsuka."

Soli akasogeza kigoda. "Nani, mama? Nani uliyekuwa unamsuka?"

"Nani nani?" mama akauliza, na ikawa imekwisha.

Mkewe alimwonya. "Unamtesa. Unamwuliza kama polisi. Hakuna alichoficha humo akilini, imechakaa tu."

"Kila siku ninayonyamaza kuna kitu kinapotea. Leo anajua, kesho hajui. Nifanyeje?"

Wiki ya tatu alifanya jambo ambalo hakulisahau. Mama alikuwa amekataa chai, amekataa mkate, anaimba wimbo mmoja usio na maneno. Soli akauliza mara moja, mara mbili, mara ya kumi. Kisha akamshika mkono juu ya kiwiko, akamtikisa.

"Jina! Nitajie jina lake tu! Umenichukulia mama yangu, nipe basi hata jina!"

Mama alimtazama kwa hofu ya mtoto mdogo. "Baba," alimwambia, "nimekosa nini?"

Soli akamwachia. Alama za vidole vinne zilibaki pale kwenye ngozi, kwanza nyekundu, kesho yake zikawa nyeusi. Hakuuliza tena.

Badala yake akalipekua sanduku la bati la mama, lililokuwa chini ya kitanda tangu akiwa mtoto na ambalo hakuwahi kuruhusiwa kuligusa. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kichwa, akakuta kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito, chanjo, tarehe ya kuzaliwa ikiwa ni ile ile yake. Jina la mtoto halikuwa lake. Mahali pa jina la mama palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe hadi karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Lakini muhuri wa kliniki ulisomeka, na mji pia.

Alfajiri ya siku ya pili alipanda basi. Safari ilikuwa ya saa nane, na njia nzima alikuwa ameishika kadi ile kwenye bahasha, hakuiweka mfukoni, hakuiweka kwenye begi.

Kliniki ilikuwa bado ipo. Dirishani alikaa karani wa kumbukumbu, mama wa makamo aliyechomeka kalamu kwenye nywele.

"Kaka yangu, miaka hiyo?" alisema bila hata kuigusa kadi. "Daftari za miaka hiyo zililiwa na mchwa. Pole sana."

"Naomba uangalie tu."

"Nitaangalia nini? Mchwa?"

"Nimesafiri tangu asubuhi, dada yangu. Sina pengine pa kwenda. Iangalie tu hiyo kadi, halafu niambie hakuna, nitaondoka."

Kuna kitu kwenye sauti yake kilichomfanya karani aipokee. Akaisoma namba iliyoandikwa juu, kisha jina la mtoto. Akalisoma tena kwa sauti. Akainuka, akaichomoa ile kalamu kutoka kwenye nywele kama mtu anayetaka kuandika, lakini hakuandika kitu.

"Mungu wangu," alisema. "Wewe ndiye wa Mama Kadi."

Soli hakuelewa. Karani akatoka nje kwa mlango wa pembeni, akamketisha kwenye benchi la wagonjwa, akamweleza. Mtoto akihamia mji mwingine, kliniki mpya huandika barua kwenye kliniki ya zamani kuuliza chanjo zake. Kulikuwa na mama mmoja, mtoto wake alichukuliwa, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kumtafuta, alikuwa akija kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kuuliza kama kuna barua ya kadi ya mwanawe, hadi wakamwita Mama Kadi. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Mwishowe akaomba kazi ya usafi hapo hapo, ili asipitwe na barua. Baadaye akawa mhudumu wa wodi. Alifanya kazi hadi akastaafu.

"Mimi nimeanza kazi hapa nikiwa msichana," karani alisema, "na kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla ya kufundishwa kupanga mafaili, ni jina hilo la mtoto. Niliambiwa, barua ikija yenye jina hili, mkimbilie Mama Kadi popote alipo. Haikuja."

"Yuko hai?"

"Jumatano alikuwa hapa, anapimwa presha."

Mama Kadi alikaa nyuma ya uwanja wa mbao, chumba na sebule, kizingiti kimejaa vumbi la msumeno. Soli alimkuta mlangoni anachambua mchele kwenye ungo: mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, nywele nyingi nyeupe, mguu wa kulia umenyooshwa mbele kama usiokunjika. Masikio yake yalikuwa makubwa. Soli aliyaona hayo kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka ofisi ya mafao? Nilishawaambia karatasi zangu nimeleta mara tatu."

Soli akampa kadi.

Mama yule akapapasa miwani kifuani, akavaa, akasoma. Alipofika pale palipokwanguliwa akapitisha kidole, taratibu. Ungo ukamteleza, mchele ukamwagika wote, asiutazame.

"Hii umeipata wapi?"

"Ni yangu."

Alimtazama. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, na Soli akasimama pale akitazamwa, mikono haina pa kwenda, akisubiri. Njiani alikuwa ameiwaza saa hii mara mia, na kila mara katika mawazo yake mtu fulani alikuwa akilia na mtu fulani akikumbatia. Mama yule hakulia.

"Yupo hai?" aliuliza.

"Nani?"

"Yeye. Dada. Yupo?"

"Yupo."

"Nipeleke."

Waliondoka kesho yake na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mama yule alikaa dirishani, mguu wake mbovu kwenye njia ya abiria. Baada ya saa mbili, kama aliyeulizwa, akaanza kueleza. Basi alilopanda kwenda machimboni lilipinduka. Nyonga na mguu vikavunjika, akalazwa wiki tisa katika hospitali ambako hakuna aliyemjua. Alimwomba kila aliyeruhusiwa kutoka ampelekee jirani yake salamu. Hakujua kama kuna aliyezifikisha.

"Nikarudi na magongo kwapani. Mlango wao una kufuli jipya, ndani wamekaa watu wengine. Nikaenda polisi. Wakaniuliza, ulinyang'anywa? Nikasema hapana, nilimwachia mwenyewe kwa mikono yangu. Wakafunga daftari."

Soli alitaka kumshika mkono. Mkono ule ulikuwa umefumba juu ya mkoba, ngumi.

Mbele kidogo, basi liliposimama watu wanyooshe miguu, alisikia mwanamke akiita jina nyuma yake. Hakugeuka. Likaitwa tena. Ndipo akakumbuka kwamba jina hilo ni lake, lile la kwenye kadi. Alipogeuka, mama yule alikuwa ameshaacha kuita, anatazama pembeni.

Kulikuwa na jambo Soli alikuwa amelificha. Alilitoa wakiwa wamebakiza saa moja kufika.

"Mama, yule… anasahau. Ni ugonjwa. Hatujui hata sisi siku nyingine."

"Atanikumbuka mimi."

"Mama, nakuomba usi—"

"Baba, mimi nimemngoja miaka arobaini na mitatu. Nina swali moja tu. Atanikumbuka."

Walifika saa nane mchana. Mke wa Soli alikuwa bado shuleni. Jirani aliyekuwa akimwangalia mzee aliaga akaondoka. Mzee alikuwa uani kwenye kiti chake cha plastiki, amevaa gauni safi. Alipoona mgeni akatabasamu kwa adabu zake zote.

"Karibu, karibu. Kaa. Umetoka mbali?"

Mama wa Soli, yule aliyemzaa, alisimama mbele ya kiti. "Dada," alisema. "Unanijua?"

"Nakujua, kwa nini nisikujue?"

Soli alishika ukuta.

"Wewe ndiye unayetuletea maziwa," mzee akasema.

"Nitazame vizuri. Chumba cha pili. Ulikuwa unanisuka. Nilikwambia siku nne, ukaniambia nenda mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Nilirudi, dada! Nilirudi na magongo! Kwa nini hukuacha neno? Hata kwa jirani, hata kwa mwenye nyumba, neno moja tu, tumehamia mahali fulani. Ningekuja kwa magoti. Kwa nini?"

"Maziwa ya leo tumeshapata," mzee akasema, sauti imeanza kuyumba.

"Usinifanyie hivyo! Unajua! Niambie kwa nini!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, ameinama, uso kwa uso. Mzee akajikunja kwenye kiti, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio chembamba kisicho na maneno. Kisha mkojo ukaanza kudondoka chini ya kiti, ukatambaa kwenye saruji hadi karibu na viatu vya mgeni.

Mgeni akanyamaza. Alilitazama lile tone, na jingine, na jingine. Soli alisimama kama aliyepigiliwa msumari. Kazi ya kumsafisha haikuwa ya mtoto wa kiume, na hakujua aanze na nani kati ya wanawake wawili wale.

Mama yule akaweka mkoba chini. Akakunja mikono ya blauzi.

"Bafuni ni wapi?"

"Acha, mama. Nitamwita jirani."

"Nimekuuliza bafuni ni wapi."

Miaka thelathini na zaidi alikuwa amefanya kazi hiyo wodini, na mikono yake iliijua bila kuambiwa. Alimwinua mzee kwa kumpitishia mkono kwapani, akampeleka hatua moja moja, wote wawili wakichechemea. Soli alikaa uani akisikia maji yakimiminwa, na sauti kavu ikisema inua mguu, geuka, haya, bado huku. Kilio kikapungua, kikakoma.

Alipotoka alikuwa amelowa hadi kiunoni. Mzee alikuwa amelazwa kitandani.

"Mkononi ana alama za vidole," alisema. "Nani kamfanyia?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nataka jina lako."

Alikaa kwenye kizingiti. "Sijamsamehe," alisema. "Usije ukadhani nimemsamehe. Nimemwogesha kwa sababu alikuwa amelowa."

"Na mimi je?" Soli akasema.

Halikuwa swali alilolipanga. Lilimtoka tu, na lilipotoka hakuweza kulizuia. "Mimi je, mama? Tangu jana hujanigusa hata mkono. Umeuliza habari zake, umekuja kwa ajili yake. Mimi nimekosa nini?"

Mama yule alimgeukia, na kwa mara ya kwanza macho yake yakajaa.

"Nikushike vipi, baba? Mtoto niliyempoteza ana miezi minane. Namjua uzito wake hapa begani hadi leo. Usingizini nampokea. Wewe una mvi. Kwenye basi ulikuwa unakoroma. Nakutazama, nakutazama, namtafuta humo ndani, simwoni. Nisamehe. Simwoni."

Soli alitoka akaenda zake kazini, akafungua mlango nusu, akakaa katikati ya viatu vya watu akalia kwa kujiziba mdomo na kitambaa cha kiwi, ili watu wa fotokopi wasimsikie.

Asubuhi iliyofuata mama yule alirudi kwake. Stendi walipeana mikono kama watu waliouziana kitu.

Wiki tatu zikapita bila simu. Soli alikonda. Alipiga soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, mteja akacheka, yeye hakucheka. Mkewe alimwambia ampigie, akasema, "Nitamwambia mimi ni nani? Huyo anamtaka mtoto, na mtoto amekufa akiwa mikononi mwangu." Siku nyingine alikaa kando ya mzee, akamtazama akikunja kitambaa, akajikuta hana hata nguvu za kumchukia. Alikuwa na mama wawili na hakuna aliyemjua.

Alhamisi mchana, akiwa na misumari mdomoni, simu ikaita.

"Jino lako la kwanza lilitoka lini?" sauti iliuliza, bila salamu.

Soli akatema misumari. "Mama?"

"Nilipoondoka lilikuwa linasukuma, fizi imevimba. Lilitoka lini?"

"Sijui."

"Ulianza kutembea lini? Neno la kwanza ulisema nini? Uliugua surua?"

"Sijui, mama. Mtu hakumbuki mambo hayo."

"Nani anajua?"

Kwenye simu Soli akasikia msumeno wa uwanja wa mbao ukilia kwa mbali.

"Anajua yeye," mama akasema.

"Alikuwa anajua."

"Kesho nitakuwa hapo."

Akaja na daftari la shule la kurasa mia na kalamu mbili. Alikaa wiki moja, akalala kochini, akaondoka; mwezi uliofuata akaja tena. Alimwogesha mzee, alimlisha, alimsuka zile nywele chache zilizobaki, na muda wote alikuwa akiuliza. Hakupiga kelele tena. Aliuliza polepole, kwa hila, kama mtu anayeokota punje kwenye mchanga. Mtoto alipenda kulala upande gani? Aliogopa nini? Nani alimnyoa mara ya kwanza? Mzee alimwita nesi, alimwita dada, mara nyingine alimwita mama. Mara nyingi hakujibu kabisa. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa na mistari sita, na mitatu kati ya hiyo alishaikata, kwa kuwa mzee alikuwa anazungumzia paka.

Soli alimwona akiinama juu ya kiti kile siku baada ya siku, mguu mbovu umenyooshwa, kalamu tayari, na aliijua njaa ile. Ilikuwa ile ile iliyoacha vidole vinne kwenye mkono wa mzee. Mambo yote ya utoto wake yalikuwa yamewekwa katika kichwa kimoja, na kichwa hicho kilikuwa kinavuja. Yeye hakuwa na la kumpa. Alijaribu kumsimulia habari za shule, za jinsi alivyojifunza kazi, za harusi yake, naye alisikiliza kwa heshima, lakini kalamu haikuinuka. Hayo yalikuwa ya mtu mzima. Mama yake alitaka kile kilichofuata siku ile ya nne.

Jumamosi moja walikuwa wote sebuleni. Mke wa Soli alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Mzee alikuwa amekula vizuri, ametulia, na ghafla akaanza kucheka peke yake.

"Mtoto yule alikula sabuni," alisema.

Mama wa Soli akashika kalamu. "Mtoto gani, dada?"

"Huyu wetu. Kipande kizima! Akadhani ni mkate. Tukasikia anapiga kwikwi, kutazama, mapovu yanatoka mdomoni na puani, na bado anatafuna, hataki kutoa! Nikampiga mgongoni, likatoka povu kubwa, pu! Akalia kwa sababu tumemnyang'anya." Alicheka hadi machozi. "Siku mbili anajamba mapovu."

Mama wa Soli alikuwa anaandika mbio, herufi zinapandiana, na alikuwa anacheka. Soli hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, cha msichana.

Soli aliijua hadithi hiyo. Alisimuliwa tangu angali mdogo, karibu kila alipokuwa akiogeshwa. Mtoto aliyekula sabuni alikuwa mdogo wa mzee huyo, mjomba aliyekufa zamani, kabla Soli hajazaliwa. Mkewe naye aliijua. Aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari, akamtazama mumewe, kisha akainama tena na kalamu yake nyekundu.

"Na ulikuwa na miaka mingapi?" mama wa Soli aliuliza. Alikuwa amemgeukia yeye, uso wote umefunguka, na alikuwa anamtazama, anamtazama kweli, kama anayeona kitu.

"Miwili," Soli alisema. "Miwili na nusu, nadhani."

Akaandika. "Ilikuwa sabuni ya kufulia au ya kuogea?"

"Ya kufulia, mama."